Santuri ya Sinza

Siwatu alizituma ndani ya kadi ya Idi,
mbegu arobaini na moja, nilizihesabu mimi,
za kijivu, kila moja na vinyweleo kisogoni
kama kichwa cha mtoto siku ya nne baada ya kunyolewa.
"Shangazi, huku yanaota kando ya reli.
Hakuna anayeyapanda. Wengine wanayapiga dawa."

Shangazi Havijawa akacheka.
Kitaluni kwake Sinza, kati ya gereji na duka la vioo,
gugu ni mche ambao bado hakuna aliyeuliza bei.

Kumi za kwanza alizipanda Machi.
Masika yakazimeza zote,
mashina yakaoza palepale yanapoingia udongoni.
"Huyu hapendi kulowa miguu,"
alisema, kama anayezungumzia mkwe mgeni.
Akanituma Kunduchi, nikarudi na kiroba cha vifusi vya matumbawe.
Akavitwanga, akachanganya na mchanga.
Mbolea akaninyima:
"Ukimshibisha atatoa majani, na majani ninayo."
Tukangoja mwisho wa Mei, ardhi ikauke,
kipupwe kianze kugusa shingo alfajiri.
Ndoo tatu za rangi, zimetobolewa chini kwa msumari wa moto.
Kati ya thelathini na moja zikaota tisa.
Kati ya tisa, konokono walituachia nne.

Bahasha ilisema sentaurea.
Yeye alisikia santuri,
na santuri likawa jina.

Mwaka mzima santuri haikulia.
Majani tu, membamba, yamelala chini, makavu mkononi kama gunia.
Mgawo wa maji ulipokuja, tulinyima mawaridi kwanza.
Ndipo Julai ya pili, asubuhi, kabla fundi hajaanza kugonga bodi,
zambarau.

Nililibeba moja Mlimani, ndani ya kopo la maziwa,
kwenye chumba cha mimea mikavu kinachonuka nafthalini.
Bwana Lukwaro alivuta droo, akatoa binamu yake:
karatasi moja, vibandiko vitatu vya jina,
kila kipya kimemkana aliyetangulia.
"Wameuhamisha jenasi mara mbili," alisema.
"Mmea wenyewe hauna habari."
Nikamkumbuka mtu:
mke wa Mwinyikondo,
mtalaka wa Mwinyikondo,
mama Siwatu, ambaye hakumzaa Siwatu,
wala mimi, wala Pazi, wala yule mdogo aliyetangulia.

Akachukua sindano, akalipasua.
"Hili si ua. Ni kichwa cha maua.
Tazama chini, vigamba vimelaliana kama makuti ya paa,
kila kimoja na ukingo mweusi uliochanika.
Ndani humu vijiua sitini, sabini. Kila kimoja na chavua yake,
kila kimoja, kikijaliwa, mbegu moja."
"Na hivi vya pembeni, vikubwa, vilivyokunjuka kama viganja?"
"Tasa. Havizai kitu.
Kazi yao ni kuonekana, nyuki atue,
kisha atembee mwenyewe mpaka ndani."
Alisema bila kuinua macho. Alikuwa anatafuta kalamu.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno.
Nilipofika nilianza na ukoo:
ni ndugu wa alizeti, nikamwambia,
ni ndugu wa mchunga ule unaochemsha mara mbili.
"Nilijua. Nilionja jani."
Akapangusa mikono kwenye kanga.
"Na haya makubwa ya pembeni?"

Gereji ilikuwa kimya, umeme umekatika.
Nikamwambia.

Akainua dumu, akamwagilia ndoo ya kwanza,
ukingoni, shina lisilowe.
Akamwagilia ya pili.
Kwenye ya tatu akasimama,
nyuki mmoja alikuwa ametua,
mguu huku, mguu kule, kama anayeuliza nyumba ya mtu.
Shangazi alizuia maji hadi akapita ndani.

"Ndiyo maana rangi yao imekolea," alisema.
"Mwandikie Siwatu. Mwambie tunahitaji bahasha."